Tani Tisa Kwenye Lango

Ipagala, 6 Januari 2024

Kaka Ignas,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nimekasirika.

Nimeona picha ya lango ulilochomelea kwenye bwawa la kijiji. Bamba jembamba, na chuma kimoja tu cha kulizuia, tena katikati. Lango lina upana wa mita mbili, na maji yatafika kina cha mita tatu. Juu hayasukumi kitu. Kadiri unavyoshuka yanazidi. Chukua kina cha wastani, mita moja na nusu, zidisha kwa eneo, mita sita za mraba. Ni mita tisa za ujazo, yaani tani tisa za maji, na zinaegemea chini, mita moja kutoka sakafuni. Ongeza vyuma huko chini.

Mdogo wako,
Restuta

Nyumbani, 19 Januari

Restuta,

Marahaba. Mama hajambo, anapalilia zabibu zake chini ya bwawa.

Umemwonyesha mwenyekiti wa kijiji barua yako kabla yangu. Nimechomelea milango miaka ishirini, leo nafundishwa na mtoto niliyembeba mgongoni? Bwawa lenyewe ni hatua arobaini tu. Unaongea kana kwamba ni ziwa.

Kaka yako,
Ignas

Ipagala, 27 Januari

Kaka,

Shikamoo. Udogo wa bwawa hausaidii. Hata lingekuwa na hatua tano, msukumo ni uleule, kwa sababu kinachohesabiwa ni kina. Maji yakiwa mita moja ni tani moja. Yakifika tatu ni tisa. Kama hutaki kuongeza vyuma, usiyaache yapite mita moja. Nichukie, lakini fanya hivyo.

Mdogo wako,
Restuta

Nyumbani, 3 Machi

Mdogo wangu,

Pole na kazi. Huku si kwema. Jumanne bwawa lilijaa, lango likapinda chini, likang'oka. Geofrey, mlinzi wa bwawa, alizolewa na maji; amevunjika mguu, yuko hospitali. Zabibu za mama zimekwenda zote. Kwenye mkutano waliponiuliza, nilisema vipimo vilitoka kwa injinia, dada yangu. Niliogopa. Nisamehe.

Kaka yako,
Ignas

Ipagala, 9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sijakusamehe, na usiniombe tena kwa barua.

Nimetoka wodini kwa Geofrey. Aliniuliza, "Dada, kwa nini ulitupigia hesabu mbovu?" Mkewe alikuwa anamlisha uji. Jibu ni la kwako.

Jumapili ijayo nakuja kupima sehemu ya lango jipya. Kabla sijagusa chochote, utakwenda kwa Geofrey umwambie ukweli kwa mdomo wako. Usipokwenda, nitapima, nitachora, nitaondoka, na nyumbani kwako sitaingia.

Mdogo wako,
Restuta