Sharubu Nyeusi za San Rokku

Marsaxlokk, 10 Oktoba 1984

Mwanangu Marthese,

Hujambo? Na mumeo hajambo? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nikipanda mashuani. Nakuandikia kwa sababu simu iko baa kwa Ċikku tu, na pale ukisema haloo kijiji kizima kinanyamaza kikusikilize.

Jana nilikuona. Ulishuka kwenye basi na watalii wako Waingereza mkitoka kwenye mahekalu ya Ħaġar Qim, umevaa koti la buluu na beji. Umekonda, mumeo hakupi chakula? Nilikuwa gatini nashona wavu kando ya mashua yetu San Rokku. Sikukuita, maana ulikuwa kazini. Yule mama mwenye kofia ya ukindu alipotaka picha nilivua kofia yangu nikatulia, ili kundi lako lifurahi. Walicheka sana.

Samaki wa lampuki wameanza kuingia, wanono mwaka huu. Wawili nimekuwekea kwenye barafu ya Ċikku. Tarehe mbili Novemba ni misa ya marehemu, na padri atamtaja mama yako. Njoo.

Baba yako,
Wenzu


Sliema, 15 Oktoba 1984

Baba mpendwa,

Naomba baraka yako. Goti lisugue kwa mafuta ya zeituni ya moto kama alivyokuwa akikufanyia mama, wala usilidharau. Sisi huku wazima.

Baba, Jumanne sikuwa Marsaxlokk. Nilikuwa Mdina na Wajerumani. Bila shaka ulimwona Miriam, sote tunavaa koti lilelile. Kwa macho yako hayo, siku moja utavua buti ukadhani ni pweza! Ningekuona ningekupitaje?

Kuhusu misa nitajitahidi, ila kazi ni nyingi. Hao lampuki mpe shangazi Ġovanna.

Mwanao,
Marthese


Marsaxlokk, 22 Oktoba 1984

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na goti limepata mafuta yake.

Basi kumbe hukuwa wewe. Moyo umetulia. Maana huyo binti wa koti la buluu aliulizwa na yule mama mwenye kofia kwa nini mashua zote zimepakwa mbele mkanda wa sharubu za njano na nyekundu, na hii moja mkanda wake ni mweusi. Akajibu, "Mzee aliishiwa rangi." Ndipo wakacheka. Kiingereza changu ni cha makuli wa bandarini, lakini kwa neno hilo kilitosha.

Huyo Miriam usimkasirikie. Labda kwao hakuna wavuvi, hajui kwamba sharubu zikiwa nyeusi nyumba ina msiba.

Hata hivyo juzi nimezipaka njano. Najua mwaka wa msiba wa Filumena haujatimia, bado miezi mitano. Ġovanna amenifokea mbele ya watu, kanambia, "Wewe Wenzu, mke hajaoza ushaanza kujipamba?" Nimemwacha aseme. Sikutaka aje mwongozaji mwingine awachekeshe wageni kwa kifo cha mama yako.

Baba yako,
Wenzu


Sliema, 6 Novemba 1984

Baba,

Sijui hata nianze vipi kukuuliza hali. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Naificha ndani ya sanduku la kushonea, halafu naitoa naisoma tena.

Nilikuwa mimi. Unajua kwamba nilikuwa mimi.

Asubuhi ile niliwasimamisha Mnajdra, jirani na Ħaġar Qim, mbele ya mlango wa mawe, nikawaeleza watu wa miaka elfu tano iliyopita walivyosubiri jua liingie pale. Nilieleza mpaka yule mama mwenye kofia akafuta machozi. Watu ambao hata majina yao siyajui, baba, niliwasemea vizuri hivyo. Saa mbili baadaye nikafika kwetu, nikakuona na suruali yako yenye kiraka alichokitia mama, na wavu umeukaza kwa kidole cha mguu. Pale ofisini niliwaambia baba yangu ni karani wa forodha. Dereva alikuwa kasimama nyuma yangu. Nikaulizwa kuhusu sharubu, na kabla sijafikiri mdomo ukasema ulichosema.

Halafu ukavua kofia. Hilo ndilo linaloniua. Ungenitukana pale gatini ningelia yakaisha. Na ulipoandika kwa upole nikakudanganya tena, nikamsingizia Miriam, ambaye ana baba mvuvi kule Għajnsielem na kila kundi analipeleka kumsalimia.

Kwenye misa nilikuja. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Padri alipotaja Filumena nilitaka kuja kukaa nawe, badala yake nikatoka kabla ya baraka. Naona haya, baba. Naona haya hata kujiita mwanao hapa chini.

Marthese


Marsaxlokk, 29 Novemba 1984

Mwanangu Marthese,

Mimi mzima. Ġovanna ana kikohozi, anakusalimu.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira asiandike. Nilikasirikia uongo kuliko ule utani. Utani ulikutoka, uongo uliukalia ukaupigia muhuri wa posta.

Kanisani nilikuona. Umebatizwa mle, utajificha nyuma ya nguzo gani? Nilikuwekea nafasi kwenye benchi mpaka mwisho, Ċikku akitaka kukaa namwambia ina mtu.

Sasa sikiliza. Rangi nyeusi imebaki nusu kopo. Nimeifungua, haijaganda. Mimi sizipaki tena hizo sharubu, aliyezifanya njano ni wewe. Njoo na nguo za kazi, na brashi ninayo.

Ila usije Jumatatu wakati gati ni tupu. Njoo Jumapili, siku ya soko, mabasi yote yakiwapo. Padri atanung'unika kwamba unafanya kazi siku ya Bwana, huyo niachie mimi. Utapiga magoti pale mbele ya San Rokku upake, nami nitakaa kando yako nashona wavu wangu.

Watakuja na kamera zao na watakuuliza kwa nini hii ni nyeusi. Mimi sitasema kitu. Utawajibu wewe.

Baba yako,
Wenzu