Swali Uliloniuliza Ndani ya Karavani

Mpendwa Mama mkwe,

Nianze kwa kukuomba radhi, maana barua hii inakujia moja kwa moja, jambo ambalo sikuwahi kulithubutu ukiwa hai. Miaka kumi na minne nilikuwa mkweo, na kila neno langu lilikufikia kupitia mtu mwingine: binti yako Nekesa, au mjukuu wako Naliaka, au mtoto wa jirani aliyebahatika kupita hapo. Hata salamu nilikuwa nazituma, na wewe uko hatua tano kutoka kwangu. Ndivyo tulivyolelewa sisi wa Bungoma: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na hawalali chini ya paa moja. Mara moja tu tuliwahi kuzungumza wewe na mimi, na siku hiyo nilikudanganya. Nakuandikia ili niuondoe ule uongo.

Kiangazi cha mwaka juzi ulipotutembelea Birmingham, tulijua jinsi ya kuishi bila kuvunja heshima. Mchana ulishinda kwetu Selly Oak, na jioni Nekesa alikusindikiza kwa dada mmoja wa kanisani, mlango wa tatu kutoka kwetu, ukalale huko. Wiki tatu ulikaa kwenye kiti cha dirishani ukitazama barabara. Ulitaka kujua kila kitu. Hawa wanafunzi wanaoishi sita nyumba moja, ni ndugu? Mbona yule mzee anatembeza mbwa na mkononi ana mfuko? Na jua hili, mbona saa tatu ya usiku bado limekaa tu? Maswali yote ulimtuma Naliaka aniletee jikoni. Yeye Kiswahili anakielewa vizuri ila anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo majibu yangu yalikufikia yakiwa yamepunguzwa nusu. Nilikuwa nakusikia ukiguna, hujaridhika.

Nekesa ndiye aliyesema haiwezekani uje mpaka Uingereza urudi umeona barabara moja tu. Tukanunua karavani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari. Ilikuwa mpya kwetu sisi, si kwa dunia. Aliyetuuzia alikuwa ndugu mmoja Mkongomani wa kule Newtown, ambaye mke wake alikataa hata kuikanyaga. Alisema alikwishalala kwenye hema ya wakimbizi miaka minne, inatosha, na asiletewe nyingine yenye magurudumu. Niliiosha siku mbili. Naliaka akabandika nyota kwenye dari. Nekesa akajaza chini ya kitanda cha nyuma unga, viazi, sufuria tatu, mafuta na maharagwe ya kutosha harusi. Tulihesabu vitanda, vikawa vinne, nasi tulikuwa wanne, tukaona mambo yamekaa sawa.

Nakumbuka ulivyoizunguka ile karavani kabla hatujaondoka, mikono nyuma. Ulimuuliza Naliaka choo kinaenda wapi.

"It goes in a box, Kukhu," akakujibu, kwa jina letu la bibi.

Ukamtuma aniulize hilo sanduku linamwagwa na nani. Nilipojibu kwamba ni mimi, ukamwambia Nekesa kwa sauti ambayo nilikusudiwa kuisikia kwamba afadhali basi nina kazi.

Hayo maneno yaliniuma kidogo, sifichi. Nilijua ulikuwa unaniona vipi. Nekesa alikuwa binti yako wa pekee, na kwako mimi ndiye niliyemtoa nyumbani. Pale Bungoma habari zilikuwa zimeenea hivyo: mkwe alipata kazi ng'ambo, akamchukua mtoto wa watu akaenda naye. Hukunitukana hata siku moja. Ulinionyesha adabu, na adabu yako ilikuwa baridi.

Tulifika shambani, kule upande wa Shropshire, adhuhuri. Mwenye shamba alikuwa amekodisha malisho yake ya chini kwa watu wa kambi, na ng'ombe walikuwa ng'ambo ya ua wakitutazama. Niliifungua karavani kutoka kwenye gari, nikateremsha ile miguu minne ya chuma inayokaa pembeni ili isitikisike, nikajisifu kimoyomoyo. Nekesa akafungua mlango, akaingia, akasimama. Alitoka uso umebadilika.

"Baba Naliaka, kuna kitu hatukufikiria," akaniambia pole pole. "Hii ni chumba moja."

Unaweza kucheka sasa. Watu wazima wawili, wote tumezaliwa kwenye desturi ile, tulihesabu vitanda tukasahau paa. Kule Selly Oak tulikuwa tumezoea kwamba jioni ikifika unaondoka. Nikasema hakuna shida, nitalala kwenye gari. Wewe ulipoambiwa, ukakataa. Mtu aliyeendesha gari asubuhi nzima, akiwa amevuta nyumba, hawezi kulala amejikunja kwenye kiti kwa sababu yako. Ukasema wewe ndiye utakayelala garini. Hilo nalo mimi nikalikataa, kupitia kwa Naliaka, ambaye kufikia hapo alikuwa amechoka kukimbia kati ya mti uliokuwa umeketi chini yake na gari langu na akawa anapiga kelele kutokea katikati.

Chakula cha mchana nilikula garini peke yangu, kama ilivyo sharti. Mama mmoja Mwingereza wa hema la jirani aliniona. Alikuja na kikombe cha chai, akanipigapiga begani na kuniambia nisijali, mke wangu atapoa tu. Nilikosa pa kuanzia kumweleza, nikamshukuru nikanywa chai.

Ndipo ukatoa wazo la kumpigia simu ya video kaka yako mkubwa, Mjomba Simiyu, atoe uamuzi. Nyumba yenye magurudumu ni nyumba? Swali hilo nililipenda, Mama. Nilikuwa nimekaa garini vioo viko chini, nikitega sikio, na kwa mara ya kwanza mimi na wewe tulikuwa tunataka kujua kitu kimoja. Mjomba aliomba azungushiwe simu aone kila upande. Aliuliza kama kuna msingi, akaambiwa hakuna. Aliuliza kama kuna jiko la ndani, akaonyeshwa, akasita. Kisha akaona ile miguu ya chuma.

"Na hizo vyuma zimeshika chini ni za nini?"

Nekesa akamweleza.

"Basi hapo ndiyo mmeifanya nyumba. Inueni, ikuwe gari. Kwa gari, mkwe na mama mkwe wanapanda, hata kwenda matanga si tunapanda? Lakini kwa gari watu wanakaa. Hakuna mtu analala."

Hukumu ikawa hivyo. Usiku nitalala kwenye gari langu, lakini chakula cha jioni tunaweza kukaa sote ndani, mradi miguu iko juu. Nekesa alitundika leso katikati ili tusitazamane tukila. Mimi nikachukua mpini nikainua miguu yote minne, mtiifu kabisa, bila kujiuliza iliwekwa pale kwa kazi gani.

Nekesa na Naliaka walikwenda bombani kuosha viazi. Wewe ukapanda ndani, ukapita leso, ukaenda kuketi kitanda cha nyuma, juu ya ule unga na zile sufuria. Niliona pua ya karavani ikinyanyuka taratibu kutoka chini. Nyuma yake ilikuwa inashuka. Nikakusikia ukisema "Yesu," kwa sauti ndogo.

Sikufikiria desturi. Niliruka nikaingia, nikajitupa kwenye kiti cha mbele, na karavani ikarudi chini, ikatulia. Hapo ndipo tulipoelewa tulichojifanyia. Nikitoka, unaanguka nyuma. Ukija mbele, unanijia mimi. Basi tukakaa, kila mmoja upande wake, na leso katikati, tukisawazishana. Nilikuwa nasikia unavyopumua. Nje jua lilikuwa bado lipo na ng'ombe walikuwa wanakata majani.

Nilidhani tutawasubiri wengine kimya. Lakini hapakuwa na mtu wa kutumwa, nawe ulikuwa na swali.

"Baba Naliaka," ukaniita. Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo likitoka kwako kuja kwangu. "Nimekaa kwa dirisha yenu wiki tatu. Naona Nekesa anatoka asubuhi na sare ya hospitali, watu wanamsalimia. Wewe ulikuwa mwalimu. Sasa unaosha wazee wa watu. Niambie ukweli. Ni nani kati yenu alitaka kuja huku?"

Nilitazama ile leso. Ilikuwa ya manjano, na kwa nyuma niliona umbo lako limeinama mbele kidogo, linasikiliza.

"Ni mimi, Mama," nikasema.

Kisha ukasema kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unangoja niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, si kwa kutumwa, na kwamba kwa kuwa nimesema, umenisamehe. Ulisema, "Imeisha. Sitabeba tena." Nikafuta macho kwa mkono wa shati, nikishukuru kwamba hunioni. Na papo hapo ukaniuliza hii taa ya darini inapata stima wapi na hakuna waya. Nikakueleza habari za betri, na chaji, na paneli ya juu, mwanzo hadi mwisho, bila mtu wa kuzipunguza. Ulikuwa unaitikia "eeh" kila nikitua. Nekesa alipofika na viazi alitukuta bado tuko kwenye habari ya betri, akasimama mlangoni asijue aingie au aondoke.

Miguu tuliiteremsha, nami nikalala garini, na hukubishana tena. Uliporudi nyumbani ulisema mbele za watu kwamba mkwe wako ni mtu anayekubali kosa lake. Nililetewa habari hizo, na nilizifurahia kuliko nilivyostahili.

Sasa umekwenda. Tulikuja kukuzika mwaka huu, na mimi nilisimama mbali kidogo na jeneza, mahali pa mkwe. Tangu turudi Birmingham, Nekesa hayuko sawa. Anarudi kutoka kazini Harborne anakaa kwenye kiti chako cha dirishani na koti hajavua. Juzi nilimuuliza ana nini. Akaniambia kwamba wewe ulimsamehe mtu asiye na kosa, na mwenye kosa alikuwa bombani anaosha viazi. Akaniambia niandike. Nilimuuliza kama ana hakika, maana barua haina mlango wa kurudi. Akasema ana hakika.

Basi huu ndio ukweli, Mama. Mimi nilitaka kubaki. Nilikuwa na darasa langu na kiwanja nilichokwisha kupima, na nilikuwa nimeshatafuta fundi. Nekesa ndiye aliyejaza fomu za kazi ya uuguzi, kwa siri, kwa miezi, na barua ilipokuja ndipo aliponionyesha. Alikuogopa wewe. Hakuogopa kwamba utamkataza. Aliogopa kwamba utalia. Akaniomba nimwachie aseme ni mimi, mpaka atakapopata nguvu ya kukueleza mwenyewe, nami nikakubali kwa sababu nilikuwa nampenda na kwa sababu nilidhani itakuwa mwaka mmoja. Ikawa kumi na mmoja. Kila mwaka uliopita uliufanya ukweli uwe mgumu zaidi kusema.

Wakati ule, kabla hatujapanda ndege, nilimuuliza kwa hasira kuna nini huko anakotaka kwenda kiasi cha kutuacha sote midomo wazi. Akanijibu, "Sijui. Ndiyo maana nataka kwenda." Nililichukua jibu hilo kama jeuri. Nililibeba hivyo miaka mingi, mpaka asubuhi ile ya pili shambani.

Niliamka garini shingo imekaza, nikakuona kupitia kioo. Ulikuwa umelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, wewe wa miaka sabini, kitambaa kimekutoka kichwani, umeingiza kichwa chini ya karavani kutazama maji ya kuoshea vyombo yanatokea wapi. Hakuna aliyekutuma. Hakuna aliyekuwa anakuona, ulivyodhani. Ulikaa pale mpaka ukaridhika, ukainuka ukijifuta magoti, na uso wako ulikuwa ule ule wa Nekesa siku aliyonionyesha ile barua ya kazi.

Sikuwa na ujasiri wa kukuambia. Nakuambia leo. Hakuondoka kwa kukuchoka, wala hakuna mwanamume aliyemchukua. Aliondoka kwa sababu alikuwa mtoto wako, na kitu asichokijua kilikuwa hakimwachi alale.

Anakuomba msamaha. Ule ulionipa mimi siku ile nimekaa nao muda wote huu, na si wangu. Tafadhali, Mama, mpe yeye.

Nakuaga kwa heshima ile ile, ila safari hii bila leso.

Mkweo,
Baba Naliaka