Kimkate cha Ndizi Kimeiva, Mama

Mama yangu,

Leo nimepika kile kimkate chako cha ndizi.

Tangu tukuzike, karafuu zimechumwa na kuanikwa, watu wanagombana kwa mambo ya vyama mpaka kisimani, na Baba hasemi. Nakwambia hasemi! Anakaa barazani kutwa, chakula anakidonoa tu, mashavu yamemwingia ndani. Nimeanza kuogopa kwamba nitamzika na yeye. Nikasema, kama kuna kitu kitakachomrudisha, ni hicho alichokuwa akikigombania na sisi watoto.

Mwanzo nilikiharibu. Ulinifundisha yote: mchele wa kuroweka, tui zito, iliki, hamira, ndizi zilizoiva mpaka ganda jeusi, sufuria ile ndogo, makaa ya vifuu machache chini na mengi juu ya kifuniko. "Usifunue," ulikuwa ukisema, "ukifunua kinanywea." Lakini wakati wa kuepua je? Hilo hukuniambia. Nikafunua, kikanywea. Siku nyingine nikakiacha, kikaungua.

Leo nimekaa nacho uani, koleo mkononi, sijui la kufanya. Harufu ikapanda, ikapita ukumbini, ikatoka nje. Mara nikasikia sauti ya Baba barazani, ile ya zamani: "Mama Rehema! Epua, kimeiva!"

Mama, nywele zilinisimama. Alikuwa anakuita wewe. Nikaepua, nikaondoa makaa, nikafunua. Subhanallah! Kimeumuka, juu rangi ya asali, hakina hata doa la kuungua.

Ndipo nikakumbuka. Kila mara alikuwa akiita yeye, nawe unaitika "Labeka!" ndipo unaepua. Miaka yote nilidhani ni uroho wake tu. Kumbe wakati wa kuepua hata wewe hukuujua! Wewe unapalia moto, yeye ananusa kule nje, kimkate kidogo vile mnakipika watu wawili, na sisi tupo hatuoni. Mama wewe!

Nilipompelekea nilimkuta analia. Lakini amekula, akaomba na chai.

Mungu akulaze pahala pa baraka. Kila Ijumaa nitakipika, na kifuniko sitakigusa mpaka aite. Leo nilishindwa kumjibu, akabaki anasikiliza. Ijumaa akikuita tena, nitaitika mimi: "Labeka."

Mwanao,
Rehema