Pampu Inayovuta Upepo

Pito, Sumbawanga
Jumanne jioni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimevaa sweta mbili, maana upepo wa huku Ufipa hauna adabu. Mimi ni mzima. Goti lako je, limekubali dawa, au bado unalisingizia ili usipande kilima cha kanisani? Na kikohozi cha Mama? Nijibu ukweli, usiniandikie "hatujambo" tupu kama kawaida yako.

Nimefungua daftari langu la kila siku hapa mezani ili nisichanganye siku, kwa sababu kisa chenyewe ni cha kazi yako: injini ya majini. Nimetoka Ukerewe nikaja kwenye nchi ya mahindi na ulezi, na injini ya majini imenifuata huku juu kwa lori.

Jumatatu ya wiki iliyopita ilishushwa gereji kwetu pikipiki ya majini, ile ya kukaliwa kama pikipiki ya barabarani, kuukuu, rangi imechubuka. Anayeitumia ni Nesi Leokadia, mkunga wa zahanati moja kule chini, Ziwa Tanganyika. Vijiji vya huko vimebanwa kati ya mlima na maji, barabara hakuna. Alikuja nayo mwenyewe, na hakukubali hata kiti.

"Zamani nilikuwa nafika kwa nusu saa," alisema. "Sasa injini inalia, chombo kinatambaa. Safari iliyopita nilikuta mtoto ameshazaliwa, kapokewa na bibi yake. Mungu alisaidia. Lakini nina mama mwingine huko, ana mapacha, na siku zake zimekaribia. Lori linarudi Jumamosi. Nikirudishiwa kibovu, nitapiga kasia."

Bosi wangu, Fundi Kasmiri, ni bingwa wa matrekta na malori. Aliisikiliza injini, akafuta mikono. "Injini inapanda, gari haliendi. Klachi imekwisha."

"Fundi, hiki hakina klachi."

"Bahati, mimi nimeanza kufungua klachi wewe hujaota hata meno. Lete spana."

Aliitafuta klachi siku mbili. Alipofika kwenye shafti moja iliyonyooka kutoka injini mpaka pampu, bila kitu kingine katikati, alikaa chini.

"Gia?"

"Haina."

"Breki?"

"Haina."

"Magurudumu nimejionea mwenyewe kwamba hayapo. Sasa huyu nesi alidhani mimi ni Nuhu?"

Najua utauliza kama pini ya pangaboi imekatika. Hakuna pini, Baba. Panga lake dogo limejificha ndani ya bomba. Linavuta maji kutoka chini ya tumbo la chombo na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Jumatano nilikagua kimoja kimoja. Wavu wa chini haukuwa na majani. Meno ya panga yaliliwa kidogo na mchanga, nikayasawazisha kwa tupa. Pete inayolizunguka panga ilikuwa nzima. Nilipenyeza kibati chembamba, nafasi ikawa ndogo na sawa pande zote. Plagi mpya, kabureta safi. Usiku niliandika daftarini: "Kila kitu kizima. Chombo kibovu."

Alhamisi tulikipeleka kwenye bwawa dogo la kunyweshea ng'ombe, upande wa Kasense. Kilinguruma mpaka ng'ombe wakatawanyika, lakini mwendo ulikuwa wa bata. Mfugaji mmoja akatuuliza, "Mnakifundisha kuogelea?" Nilikuwa nahesabu siku: imebaki moja.

Fundi akaniona nimenyong'onyea, akanipeleka kwa jirani yake, Mama Editha, aliyekuwa amepika pombe ya ulezi. Huku chungu huwekwa katikati, maji ya moto huongezwa, na kila mtu huvuta kwa mrija wake mrefu. (Usimwambie Mama. Nilionja tu.) Nilivuta mpaka mashavu yakaniuma.

"We Msukuma," akasema Mama Editha, maana huku kila mtu wa Ziwa Victoria ni Msukuma, "mbona unanyonya kama ndama na hunywi?"

"Pombe yako nzito, mama."

Aliuchukua mrija, akaupapasa kwa vidole. "Umepasuka hapa juu. Unavuta upepo. Utavuta mpaka Pasaka!" Akaziba ufa kwa kidole gumba, na pombe ikapanda mara moja.

Nikasimama. Fundi akanivuta shati. "Kaa, ndiyo kwanza imefika."

"Fundi, pampu inavuta upepo."

Alfajiri ya Ijumaa niliishusha pampu. Pale mdomo wake unapokutana na tumbo la chombo, mpira wa kuziba ulikuwa umekauka na kupasuka, ukucha ulipita, na panga likawa linavuta upepo badala ya maji. Gari halijali upenyo kama huo, na injini zako za kufunga nyuma ya mtumbwi hazina mpira huo, ndiyo maana hakuna aliyeuwazia. Tulikwangua, tukapaka silikoni, tukaiacha ikauke kutwa. Fundi mwenyewe alishinda akiilinda kuku wasiikanyage. Muda wa kurudi bwawani haukuwepo.

Jumamosi tukashuka nacho ziwani kwa lori, kupitia kijiji cha Kate. Tukiwa njiani nesi, aliyekwisha kurudi ziwani, akapiga simu: mama wa mapacha ameshikwa na uchungu. Baba, sijawahi kuogopa kazi ya mikono yangu kama saa ile.

Tulikisukuma majini, nikapanda, na Fundi akapanda nyuma yangu kwa ubishi. Nikawasha, nikakipa moto. Kiliruka! Nilipogeuka nilikuwa peke yangu, Fundi amekaa ziwani, maji kifuani, kofia inaelea. "Klachi nzuri!" akapiga kelele.

Nesi alikuwa ameshavaa boya. Alinishusha, akafunga mfuko wake mgongoni, akaondoka bila kuaga. Tulilala pale pale ufukweni, na sikupata usingizi wa maana.

Alirudi Jumapili adhuhuri, macho mekundu. "Nilifika hata maji waliyobandika jikoni hayajachemka," alisema. Kisha akakaa mchangani, akavua viatu. "Wote wawili wazima. Wa pili alitanguliza miguu. Bibi yao asingemuweza."

Nisalimie dada Veronika mshonaji, shangazi wa dagaa, na mjomba Thomasi mwenye mtumbwi. Mama mshike mkono kwa niaba yangu.

Akupendaye na kukuheshimu,
mwanao Bahati