Poste ya Kando ya Ziwa Inaomba Mutoto Yako

Baba Bahati, mume wangu,

Nakuandikia na mukono yangu mwenyewe. Masista wa fwaye, ile nyumba ya masomo ya wanawake, walitufundisha herufi wakati wa kushona, na wewe ulikuwa unanicheka vile nilikuwa natosha ulimi inje nikiandika jina yako. Ulimi ingali inatoka. Vumilia makosa, soma polepole.

Mvua imenyesha sana, nafikiri kaburi yako imejaa majani tena. Nitakuja kulima. Watoto wako wazima. Mimi pia niko, lakini roho haitulie, na hapa kambi ya polisi hakuna mutu wa kumuambia.

Poste yenu ya polisi, Baba Bahati, sasa iko ya matofali na madirisha ya kioo. Wewe uliikuta kibanda cha majani, wakati ule muji ilikuwa ingali na jina ya muzungu. Ulinielezea mara nyingi: mulikuwa wachache, kofia nyekundu, filimbi, fimbo, na miguu chini bila viatu. Hakuna hata mumoja wenu alikuwa mutu wa hapa. Wakubwa hawakutaka. Walisema mutu wa hapa atahurumia ndugu yake. Njo maana walitosha wewe Shabunda, wengine Ekwatere, wengine Kasai, wakawapanga kando ya maji muangalie karatasi za watu wanaoshuka mu mitumbwi. Wewe mutu wa pori kubwa, hata kuogelea haukujua.

Unakumbuka siku ile nilishuka na kitunga ya maharagi? Ulinisimamisha.

"Karatasi?"

Nikakujibu kwa Mashi, luga yetu ya hapa, haukusikia hata neno. Muzee mumoja wa kisiwa cha Idjwi alikuwa anafunga mutumbwi yake, akakuita: "Polisi, unachunga maji ao maji njo inakuchunga?" Watu wakacheka. Nilingoja utapiga mutu. Nawe ukacheka, ukaangalia ziwa, ukasema: "Muzee, tunachungana." Siku ile njo nilikutazama vizuri.

Kisha viatu vikafika. Kusema unatembea sawa bata ilikuwa kukukosea heshima, lakini ulitembea sawa bata. Ulikuwa unavibeba mukononi mpaka karibu na poste, njo unavaa.

Kitu kimoja hatukukiongea sana, ni kaka yangu Cito. Ulimukamata usiku kule mutaa ya wazungu, saa ya watu weusi kutembea kule imepita, hana ruhusa. Alikuambia: "Shemeji, ni mimi." Ukamupeleka kasho, ukamufungia. Mama yangu aliniuliza nani alinituma kuolewa na kofia nyekundu. Wanawake wa mulima wetu wakaacha kunisalimia, wakaniita bibi ya polisi. Na hapa kambini wake wa wenzako walikuwa wanaongea Lingala kwa robine ya maji, nikifika wananyamaza. Ukitoka kazini tulikuwa wawili tu duniani, wewe mugeni wa inchi, mimi mugeni wa majirani.

Lakini Cito alipotoka kasho alikuja kwetu na kasiksi, pombe ya ndizi, mukakunywa. Nilishangaa. Nikamuuliza pembeni kama roho haimuume. Akaniambia: "Huyu ametoka mbali, hajue mutu. Angekuwa mutoto wa kwetu, singemusamehe mpaka nife."

Maneno ile haikunitoka.

Sasa sikia. Tangu tulikuzika, brigadie, mukubwa wa poste, amekuja mara na mara. Haiko mutu mubaya, anavua kofia mulangoni. "Mama Bahati, nyumba iko ya polisi, haiko ya mujane. Lakini kijana akiingia kazi, mutabaki humu wote." Bahati alifurahi sana. "Maman, nitaingia. Hakuna mwenye atakutosha hapa."

Nikauliza brigadie watamutuma wapi, juu nilijua mutu hapewe kazi kwao.

"Ah, atabaki hapa hapa, kwa poste ya baba yake. Kwa karatasi yeye iko mutu wa Shabunda."

Ni kweli, mutoto anafuata baba. Lakini Baba Bahati, huyu mutoto Shabunda ameiona wapi? Anaota kwa Mashi. Wale wanawake wanashuka mu mitumbwi na samaki walimubeba mugongoni. Wanamuita mujukuu, wanamupa ndizi. Wewe ulisimama pale walikusamehe, walisema hajue mutu. Yeye anajua wote, mpaka majina ya mbuzi wao. Na siku hizi vijana wanaongea uhuru wazi wazi, wanaangalia polisi kwa jicho lingine.

Nilimukuta anapakaa viatu vyako rangi. Nikamuuliza: "Siku mujomba yako, Tonton Cito, atapita pale bila karatasi, utafanya nini?"

"Nitageuza macho, Maman."

"Na brigadie akikuona umegeuza?"

Akaendelea kusugua kiatu. Alisugua mahali pamoja tu, Baba Bahati, mpaka nikaondoka.

Basi nimekataa. Nilimuambia brigadie mbele ya mutoto. Akasema: "Mama, unatupa nyumba ya matofali." Nikasema ndiyo, naitupa. Cito anajenga manyumba kule mutaa ya Kadutu, anahitaji mikono, na ametupatia chumba. Bahati atabeba mawe na muchanga mpaka ajifunze kujenga. Hajanisemesha bado. Anakula amenigeuzia mugongo, na mugongo ile iko yako kabisa. Anafikiri nimedharau kazi yako. Ungekuwa hapa ungemuelezea, wewe ulijua kusema naye. Mimi nikianza kueleza nalia, na nikilia anatoka.

Sijui kama nimefanya vizuri. Nauliza ukuta.

Leo bibi wa polisi mupya amekuja kuona nyumba. Wametoka Ekwatere, anajua Swahili ya salamu tu. Nilimuonyesha dirisha lenye halifungi, na jiko upande wenye moshi inatoka. Akalaza mutoto wake pale kitanda yako ilikuwa. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Aliniuliza kwa vidole wapi wanawake wanateka maji, nikamusindikiza mpaka kwa robine. Wengine wakanyamaza. Nikabaki naye mpaka ndoo ikajaa.

Siku ya posho tunahama. Kama unakuja kututembelea kwa ndoto, usiingie tena hapa, utakuta wageni wamelala. Panda Kadutu, upite kanisa, uulize kwa Cito mwashi. Watoto watakuwa inje. Mahali utasikia mwanamuke anaongea peke yake jikoni, ingia bila kupiga hodi.

Lala salama, mutu wangu.

Ni mimi bibi yako,
Mama Bahati