Kahawa Ambayo Haimo Kitabuni

Jumapili, Novemba. Mvua imeanza kabla ya ibada na mpaka sasa, saa kumi na mbili jioni, haijachoka. Nimerudi mjini Kayanga kutoka kijijini kwetu Chonyonyo nikiwa na matope hadi magotini, maana bodaboda alinishusha mara mbili kwenye mteremko nitembee kwa miguu. Nina furaha na nina aibu, na sijui ipi imetangulia.

Shajara, nina la kukiri.

Kwa wiki tatu nimekificha kitabu kwenye droo ya duka langu la kopi, chini ya karatasi za plastiki za kulaminetia vyeti. Aliyefichwa asikipate ni baba yangu mzazi, mwalimu mstaafu mwenye miaka themanini na moja, ambaye macho yamekufa kwa presha ya macho na ambaye hakuna kitu anachokitaka duniani kama mwisho wa kitabu hicho.

Mnaopita hapa kwenye blogu yangu mara kwa mara mnajua ugonjwa wangu. Wengine wanakusanya vitenge, mimi nakusanya hadithi za zamani za Waingereza: za vyombo vya angani, za malango ndani ya vilima, za mashine zinazorudisha jana. Vitabu vyembamba vyenye karatasi ya njano na harufu ya ghala. Mteja akija kutoa kopi akanikuta nimeinamia kimojawapo, ananiuliza kama nasomea digrii.

Sisomei kitu. Navipenda tu.

Navipenda hata vinapokosea, na vinakosea sana. Ninacho kimoja ambamo kompyuta ya miaka ijayo ni kubwa kama ghala la chama cha ushirika, na bwana mmoja mwenye kiko anaizunguka kwa ngazi akiipaka mafuta. Nilikisoma nikiwa nimeshika simu kiganjani, nikacheka hadi mteja akaomba chenji yake haraka aondoke. Lakini bwana yule mwenye kiko ana hofu moja, kwamba mashine itamjua mke wake kuliko yeye anavyomjua, na hapo sikucheka tena.

Halafu kuna ile adabu yao. Dunia inakwisha, anga limegeuka rangi, na bado mtu anainuka kuinjika birika. Watu wa mjini huona ni kichekesho. Mimi nimezaliwa Karagwe, na huku hata ukiingia na habari ya msiba utaambiwa kwanza ukae, ule kidogo, ndipo useme. Nilipoanza kuvisoma mwenyewe nikiwa kidato cha pili, Kiingereza kilinitoa jasho, ila kile kijiji nilikijua. Mvua, ukungu, kanisa juu ya kilima, barabara moja, na majirani wanaojua ulichopika. Ungebadilisha majina tu, ni Chonyonyo.

Tofauti ni moja. Kwao kinachoshuka kutoka angani kinatisha. Kwetu, kikishuka Novemba, ni senene: tunakinyonyoa mabawa na kukikaanga kwa chumvi.

Sasa hicho kitabu cha droo. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kinyambo, alipewa na mwalimu wa kizungu aliyemfundisha chuoni. Jalada lilishatoka. Kinasimulia kuhusu mwalimu mkuu mseja katika kijiji cha Uingereza, na kiumbe kinachoanguka kwenye shamba lake la viazi usiku wa mvua. Kirefu, chembamba kama mti wa mkaratusi, mikono minne, hakisemi bali kinavuma kama nyuki. Mwalimu anakihurumia, anakificha darini, anakifundisha namba. Wanajeshi wanakitafuta nyumba kwa nyumba.

Tata alitusomea nikiwa darasa la nne, Jumapili mchana baada ya kanisa, jikoni, mama akimenya ndizi. Alisoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha akasimulia kwa Kinyambo. Huo ulikuwa mwaka watu walipovuka Mto Kagera kwa wingi wakikimbia mauaji kwao, na nyumbani kwetu alikaa mama mmoja kwa miezi kadhaa pamoja na kichanga chake, Devota. Mama Devota hakuwa na maneno mengi. Alikaa karibu na mama yangu, naye akimenya, na kwa kuwa lugha yao na yetu ni majirani, alifuata kila kitu. Nakumbuka kisu chake kikisimama Tata alipofika pazuri.

Tata hakukiita kiumbe. Alikiita omugenyi, mgeni. Na mgeni wa Tata alipokewa kama mgeni. Siku ya kwanza mwalimu alimpa akamwani, kahawa yetu kavu ya kutafuna, katika kikapu kidogo, naye akatafuna kwa adabu. Siku ya tatu akapewa jembe, maana mgeni siku mbili, na kwa mikono yake minne akapalilia kibanja kizima cha migomba kabla ya chai ya saa nne. Tulimpenda mno.

Tulipofika sura ya mwisho, kurasa hazikuwepo. Tata alituonyesha kitabu, akasema mchwa wamekula. Badala yake akatusimulia anavyodhani iliisha: kijiji kizima kilimficha mgeni, wakamshonea kanzu ya kanisani, wakampitisha mbele ya wanajeshi kama shemasi, akapanda chombo chake akiwa na mche wa mgomba kwapani, akafika kwao.

Nimekua na hadithi hiyo. Kwa hiyo mwezi Agosti niliandika hapa, kwa mbwembwe zote, jinsi mwandishi wa Kiingereza alivyojua desturi ya kumpa mgeni kahawa ya kutafuna. Niliandika aya tatu! Msomaji mmoja wa Dodoma akanijibu kwa upole kwamba kitabu hicho anacho, kizima, na hakuna kahawa popote. Wala jembe. Nilitamani ardhi ipasuke. Ila mtu huyo ana moyo, maana alinitumia nakala yake kwa basi, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa sukari.

Nilikisoma kwa siku moja, duka limefungwa nusu.

Kwanza, neno mgeni halimo. Kuna "kiumbe," kuna "kile kitu," na wanajeshi wana neno lao baya zaidi. Pili, mwisho. Mwalimu mkuu anachoka. Hatishwi, hapigwi, anachoka tu: chakula, uongo kwa majirani, ule mvumo darini. Asubuhi moja anatembea hadi posta, anapiga simu, anarudi, anateleka chai na kupanga vikombe viwili. Wanajeshi wanafika chai haijapoa. Kiumbe kinamtazama, kinashuka ngazi chenyewe na kwenda nao.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma. Ni mwisho bora kuliko wa Tata. Nililia juu ya mashine ya kopi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wale wazee wa Kiingereza: wanakuchekesha na viazi na birika kurasa mia mbili, kisha wanakuonyesha mtu mwema akifanya ubaya kwa sababu ya uchovu, na hawakupi pa kujificha. Kompyuta zao zimechakaa. Huyo mwalimu hajachakaa, yumo kwenye kila mtaa, pengine hata mtaa wangu.

Lakini ningemsomeaje Tata?

Nilimwambia kwa simu siku kitabu kilipofika, kabla sijakisoma, mdomo wangu haujui kusubiri. Alifurahi akaniuliza nitakwenda lini. Baada ya kukisoma nikaanza visingizio. Kazi ya kuchapa mitihani imenizidi, mashine mbovu, barabara. Niliogopa kumwonyesha mzee asiyeona kwamba yule mgeni wake aliuzwa, tena na mwalimu, mtu wa kazi yake yeye mwenyewe ya miaka thelathini na mitano. Na nilijua pia siwezi kubadilisha. Mimi ni mtu wa maandishi. Nagombana na wateja kwa koma. Ninaamini kabisa kwamba mwisho wa mwandishi ni wa mwandishi, na anayeugusa ni mwizi.

Wiki tatu. Jana akapiga yeye. "Mwanangu, kitabu kinasubiri nini, mimi nife?"

Leo nikapiga moyo konde.

Nilimkuta barazani, amevaa koti la ibada bado, uso ameuelekeza kwenye mvua. Nikamwamkia, akaitikia, akapapasa kitabu kwanza kabla ya mkono wangu. Akakinusa. Tukaingia jikoni, kwa sababu alisema ndiko kinakosomewa.

"Kale, haya, soma," alisema. "Sura ya mwisho tu. Kwa Kiingereza chao, usinirahisishie."

Nikasoma. Posta. Simu. Vikombe viwili. Nilikuwa namchungulia kila mstari. Hakushtuka. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia wimbo wa ujana wake. Nikafika mstari wa pili kutoka mwisho, mwalimu amebaki peke yake, nikasoma kwamba aliviosha vikombe vyote viwili, na kabla sijavuta pumzi Tata akamalizia, kwa Kiingereza cha darasani kilichonyooka:

"Kisha akakumbuka kwamba kimoja hakikuguswa."

Neno kwa neno.

Nilifunga kitabu. Mvua ikapiga bati. Nikamuuliza amejuaje, na mchwa je.

"Mchwa gani," alisema. "Hicho kitabu nilikisoma mara sita kabla hujazaliwa. Zile kurasa nilizichana mwenyewe Jumapili ile asubuhi, nikaziingiza hapo." Akanyoosha kidole kwenye mafiga, akakosea kidogo, akalenga mlango. "Ndizi ulizokula mchana zilianza kuivia hapo."

Kwanza nilikasirika, nakiri. Miaka yote hii! Nikamwambia, Tata, umeharibu kitabu cha watu, na mimi nimekwenda kuaibika hadi Dodoma. Akaicheka hiyo aibu yangu ndefu ya hadi Dodoma. Kisha akaacha kucheka.

"Hukumbuki nani alikuwa amekaa hapo kwenye mkeka?"

Nilikumbuka. Kisu kimesimama juu ya ndizi.

Akanieleza taratibu. Kwamba juma lile kulikuwa na maneno kijijini, watu wamechoka na wageni, kuni zimeisha, na wapo waliosema wapelekwe kambini. Kwamba hata yeye alikuwa amechoka. Hilo alilisema mara mbili. Kichanga kinalia, ndizi hazitoshi, na alikuwa ameshafikiria kwenda kuongea na mwenyekiti wa kijiji. Jumamosi akasoma tena sura ya mwisho ili ajiandae kutusimulia, akamkuta humo mwalimu anayetembea kwenda posta.

"Nikajiona," alisema. "Yule mwandishi hajawahi kufika Karagwe, lakini alikuwa ananiandika mimi. Sasa nitamsomea vipi yule mama? Aliniuliza mapema, kabla sijafungua kitabu. Mwalimu, mgeni alifika kwao? Nikamwambia alifika. Nilishasema. Ikabidi nitafute namna ya kumfikisha."

Kwa mwenyekiti hakwenda. Mama Devota alikaa kwetu hadi alipoamua mwenyewe kurudi, miezi mingi baadaye, mtoto akiwa ameshajua kutembea. Mama yangu, sasa marehemu, alimfungia akamwani kwenye jani la mgomba. Hatukusikia habari zake tena.

Kwa hiyo nimekaa hapa na chai yangu, nikijaribu kukasirika na nikishindwa. Mwisho ule wa kweli, ambao mimi niliulilia na kuurudisha kwenye droo, yeye aliutii. Uliandikwa umwaibishe mtu, ukamwaibisha, akafanya ulichotaka, kisha akauchoma. Sijui kama yupo mwandishi aliyewahi kupata msomaji mzuri kuliko huyo. Wanaoniuliza kwa nini hadithi hizi kongwe hazifi, hilo ndilo jibu langu kwa leo.

Nilipokuwa najifunga khanga kichwani niondoke, Tata alikuwa amekishika kitabu mapajani, anapitisha dole gumba kwenye zile kurasa za mwisho, akizihesabu. Hakunigeukia.

"Mwanangu."

"Naam, Tata."

"Yule mama na Devota. Unadhani walifika?"

Mimi, mtu wa maandishi, ninayegombana na wateja kwa koma.

"Walifika, Tata," nilisema. "Walifika salama."