Anko, Nimehama Bash

Anko,

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine, wacha nikuambie mwenyewe: nimehama Bash. Usikasirike. Soma kwanza.

Nilipomaliza sekondari, Aunti alinipa kompyuta yako. Sasa najifunza kazi hapa Kaaga, kwa watu wanaotengeneza programu za shule. Mkubwa wetu anaitwa Kendi. Alituambia kila mmoja achague shell, yaani ile programu ya kuandikia kompyuta amri, kisha asimame mbele ya wenzake aseme kwa nini. Kusimama mbele ya watu, Anko. Mimi, niliyekuwa nikitumwa sukari narudi mikono mitupu kwa sababu dukani kulikuwa na watu.

Sikuhitaji kufikiria. Bash ndiyo uliyonifundisha kule chumbani kwako Majengo, kipanya cha kompyuta umekificha ndani ya sufuria ya githeri ili nisikiguse. "Kipanya ni cha wageni," ulikuwa ukisema. Na siku niliyolia kwamba siwezi kuongea na watu, ulisema, "Basi andika. Hii haitakucheka." Niliona nikiacha Bash, nimekuacha wewe.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Bash," nikataka kukaa.

"Ngoja, mamii," Kendi akasema. "Umejaribu nyingine?"

Akaniwekea shell nyingine iitwayo Fish, kila mtu akitazama ukutani, ambako skrini ya kompyuta yako ilikuwa ikionyeshwa. Nikaandika cd, ile amri ya kuingia kwenye folda. Fish ikamalizia yenyewe, kwa maandishi ya kijivu:

cd gatwiri-usiogope

Folda yangu ya mazoezi. Jina hilo uliliandika wewe. Kumbe Fish ilipofunguliwa tu ilichukua amri zote ulizowahi kuandika kwenye Bash, ikaanza kunikumbusha.

Wote wakasoma kwa sauti. Mwenda, anayekaa karibu nami, akasema, "Gatwiri, aki hiyo mashine inakujua."

Wakacheka. Nami nikacheka, machozi yakanitoka, halafu nikaongea. Niliongea mpaka chai ikapoa, Anko. Niliwaambia Fish nitaitumia kwa amri za kila siku, kwa sababu inakumbuka. Lakini programu ndefu za amri nitaendelea kuziandika kwa Bash, kwa kuwa ndiyo tunayoikuta kwenye kompyuta za shule. Na vizuri nilisema hivyo: jana ile programu yako ya kupunguza ukubwa wa picha niliinakili kwenye Fish, ikagoma mstari wa kwanza. Najua ungefurahi sana.

Kwa hiyo nimehama, lakini sijaenda mbali.

Kipanya nimekirudisha ndani ya sufuria. Aunti analalamika hana pa kupikia githeri.

Pumzika kwa amani, Anko. Jumatatu anakuja msichana mpya kutoka Siakago, na wanasema haongei. Nakuahidi nitamtengenezea folda, na jina lake nitaliandika kama ulivyoandika langu.

Wako,
Gatwiri